Je, 60B ni eneobunge la Wasomali watupu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Wenzangu wanasema Ilhan Omar, yule mwanasiasa Mmarekani mzaliwa wa Somalia, alipata kiti chake cha kwanza mwaka 2016 kwa sababu eneobunge lake, 60B la Minneapolis, Marekani, ni la Wasomali watupu. Wewe umekaa huko miaka mingi. Ni kweli? Na hiyo B ni ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na huniuma kila nikisikia, kwa sababu maneno hayo yanawafuta majirani zangu wengi.

B haina fumbo. Jimbo la Minnesota lina maeneo 67 ya Seneti, na kila eneo limekatwa vipande viwili, A na B. Kila kipande kinatoa mwakilishi mmoja, jumla 134. Bunge hilo ni la jimbo na linakaa Saint Paul, mji wa jirani. Kongresi ya Washington ni nyingine, Ilhan aliingia huko 2019. Mipaka huchorwa upya baada ya kila sensa, na namba nazo huhama. Kabla ya ramani ya 2012 mwakilishi wetu alikuwa wa 59B. Ramani hiyo ililenga watu wapatao 39,582 kwa kila eneobunge.

Sasa watu hao ni akina nani? Katikati ya 60B ya wakati ule kilikuwepo Chuo Kikuu cha Minnesota, kimekaa kingo zote mbili za Mississippi. Mashariki ya mto kuna Marcy-Holmes, Como na Prospect Park, na huko wanafunzi wamepanga nyumba hadi vyumba vya chini ya ardhi. Sensa humhesabu mwanafunzi pale anapoishi tarehe 1 Aprili, hata kama kwao ni mbali. Kwa hiyo maelfu ya watu wa eneobunge letu walikuwa vijana wa chuo.

Magharibi ndiko Cedar-Riverside, mtaa wangu. Nilikaa ghorofa ya 17 ya Riverside Plaza, minara iliyobuniwa na Ralph Rapson na kufunguliwa 1973: nyumba 1,303, mnara mrefu una ghorofa 39, zege tupu lililopambwa kwa vibao vyekundu, vya manjano na buluu. Ramadhani, jua likikaribia kuzama, lifti nzima inanukia sambusa. Ndani yake utasikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, na Kiswahili cha waliopitia Kenya. Lakini zamani mtaa huu ulikuwa wa Waswidi, Wanorwe na Wadenmaki, na barabara ya Cedar ilipewa jina la utani kwa ugoro waliokuwa wakibwia. Wakaja mahipi na wanafunzi, kisha Wavietnamu. Wasomali walianza kujaa miaka ya 1990.

Kiti chenyewe kilikaliwa na Phyllis Kahn tangu uchaguzi wa 1972. Mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mama aliyesimamia sheria ya 1975 ya kuzuia uvutaji sigara hadharani. Mimi namheshimu sana. Mwaka 2014 Mohamud Noor, Msomali, alipambana naye kwenye mchujo wa DFL, ndio chama cha Democratic cha Minnesota, akashindwa. Waulize wenzako: lingekuwa la Wasomali watupu, angeshindwaje? Na kwenye mchujo wa tarehe 9 Agosti 2016 Wasomali walikuwa wawili, Noor na Ilhan, dhidi ya Kahn. Kura za ukoo zingegawanyika. Ilhan alishinda kwa kama asilimia 41 ya kura kwa sababu alibisha hodi mpaka kwa wanafunzi na wazee wa Prospect Park. Alipokwenda Washington, kiti kikamwendea Noor huyo huyo.

Siku ile ya mchujo nilishuka na jirani yangu, bibi aliyehamia kwa bintiye. Uraia anao, ila hana hata bili ya umeme yenye jina lake. Sheria ya Minnesota inamruhusu mtu kujiandikisha siku hiyo hiyo ya kura, na mpiga kura aliyesajiliwa kituo hicho anaweza kumwapia jirani kwamba anaishi hapo. Nikaapa, nikatia sahihi. Foleni ilikuwa na vijana wa kizungu wenye baiskeli, wazee wa Kioromo, mama na mtoto mgongoni. Bibi akaniambia kwa Kiswahili kwamba kura yake ya kwanza maishani ndiyo hii, na kwamba kabla ya hapa foleni alizozijua ni za maji katika kambi ya wakimbizi ya Utange.

Utange, mwanangu, hapo hapo Kisauni kwenu. Ilhan naye aliishi kambi hiyo miaka minne. Bibi alitoka kibandani na kibandiko chekundu wanachopewa waliopiga kura, akakibandika juu ya mtandio, akaniomba nimpige picha ampelekee dada yake Mombasa.