Majina tumeondoa: je, data ya washiriki wa Kwale na Tanga inaweza kwenda Ujerumani?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa data katika utafiti wa shinikizo la damu wenye vituo Kwale na Tanga. Data ya vituo vyote viwili inahifadhiwa kwenye seva yetu ya Kwale. Wenzetu wa chuo kikuu kimoja cha Ujerumani wanataka faili lote la washiriki 1,840 ili waanze uchambuzi. Majina na namba za simu tumeondoa, na kila mshiriki ana namba ya utafiti. Fomu za ridhaa za mwaka 2021 zinasema taarifa zitatumiwa na "watafiti wa mradi huu pekee". Tunaweza kutuma?

JIBU: Ndugu msimamizi, msitume bado. Namba ya utafiti haijaitoa data hiyo nje ya sheria. Maadamu kuna jedwali mahali fulani linalounganisha namba na jina, kila mstari wa faili unaweza kurudishwa kwa mwenyewe, na kwa hiyo ni taarifa binafsi. Zaidi ya hapo ni taarifa nyeti, kwa sababu inahusu afya. Kulifungia jedwali hilo kabatini ni ulinzi mzuri, lakini hakubadilishi jina la kitu kisheria.

Kabla ya Ujerumani, tazameni Tanga. Data ya Tanga ilipoingia kwenye seva ya Kwale ilikuwa imeshatoka Tanzania. Lunga Lunga na Horohoro zinatazamana, lakini kati yake kuna mpaka wa sheria mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni zake zinamtaka anayepeleka taarifa nje ya nchi aombe kibali kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Pembeni yake kuna makubaliano ya kuhamisha data yanayopitiwa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, ambayo ni hatua ya maadili ya utafiti. Hatua moja haichukui nafasi ya nyingine. Mkiwa hamna karatasi hizo, acheni kuongeza rekodi mpya za Tanga kwenye seva ya Kwale, kisha mwandikieni afisa wa ulinzi wa taarifa wa taasisi yenu ya Tanga leo, kabla hamjamjibu mtu wa Ujerumani.

Upande wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti ya jumla ya kuhamisha data katika kifungu cha 48, halafu kifungu cha 49 kinaongeza sharti kwa taarifa nyeti: ridhaa ya mhusika, na pia uthibitisho kwamba kuna ulinzi unaofaa huko iendako. Ni vyote viwili, si kimojawapo. Watafiti wengi hukimbilia kifungu cha 53, kinachotoa msamaha kwa data inayochakatwa kwa utafiti tu. Kisomeni mpaka mwisho. Msamaha huo una masharti yake, na matokeo yasitolewe kwa namna inayomtambulisha mtu. Kukiegemea kifungu hicho ili kutuma mistari 1,840 ya wagonjwa, mmoja mmoja, ni kujitia hatarini bila sababu.

Hapo ndipo fomu zenu zinapokwama. Mshiriki aliyesaini "watafiti wa mradi huu pekee" hakuambiwa kwamba taarifa zake zitavuka mpaka. Kama chuo cha Ujerumani hakikutajwa kwenye itifaki ya 2021, hakimo ndani ya maneno hayo. Kamati ya maadili inaweza kupitisha marekebisho ya itifaki, na ni lazima mpeleke hayo marekebisho, lakini haina uwezo wa kutoa ridhaa ambayo sheria imemwachia mhusika. Njia iliyonyooka ni kuomba ridhaa upya wakati washiriki wanaporudi kliniki kupimwa. Sentensi itaje nchi, aina ya taasisi, kinachotumwa na haki ya kukataa. Kwa mfano: "Ninakubali vipimo vyangu vya shinikizo la damu, umri na jinsia, bila jina langu, vipelekwe kwa watafiti wa chuo kikuu nchini Ujerumani kwa utafiti huu. Naweza kukataa, na matibabu yangu hayataathirika." Iwe na kisanduku chake cha kutia alama, kisichochanganywa na ridhaa ya kushiriki. Wasiopatikana, au waliofariki, msiwaweke kwenye faili la kutuma. Wabaki ndani ya majedwali ya jumla.

Sasa faili lenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hutokea, hata kwa watu makini.

Anzeni na namba ya utafiti. Kama imetengenezwa kutokana na herufi za jina na tarehe ya kuzaliwa, au kwa kupitisha namba ya simu kwenye fomula ya heshi (inayoigeuza namba kuwa msimbo), imevuja tayari. Namba zote zinazoweza kuanza na 07 nchini Kenya ni milioni 100 tu. Kompyuta ya kawaida inazipitisha zote kwenye fomula ile ile kwa dakika chache na kupata iliyolingana. Tengenezeni namba mpya ya kubahatisha kwa ajili ya faili hili pekee, na jedwali la kuunganisha libaki kwenye taasisi iliyomsajili mshiriki, limesimbwa (limefungwa kwa neno la siri), mikononi mwa watu wawili wasiofanya uchambuzi.

Tarehe za kuzaliwa zigeuzwe kuwa makundi ya miaka mitano, na wazee wote wa 80 na kuendelea wawe kundi moja. Tarehe za kliniki zisogezwe: kila mshiriki apewe idadi yake ya siku za kubahatisha, tuseme kati ya 1 na 180, na tarehe zake zote zisogee kwa idadi hiyo hiyo. Nafasi kati ya ziara moja na nyingine inabaki sahihi, na hiyo ndiyo mchambuzi anayoihitaji. Kijiji kipande hadi wilaya au kaunti ndogo. Viwianishi vya GPS viondolewe kabisa. Mchambuzi akihitaji umbali hadi zahanati, mpeni kilomita mlizokokotoa wenyewe. Safu ya maelezo ya muuguzi ifutwe yote. "Mke wa mwalimu mkuu" ni jina kamili kwa yeyote anayekijua kijiji.

Kisha hesabuni. Unganisheni jinsia, kundi la umri, eneo na kazi, mwone kila mchanganyiko una watu wangapi. Penye chini ya watano, panueni kundi au futeni thamani hiyo. Mwanamke mmoja wa miaka 71 wa Gazi anayesafishwa figo hahitaji jina ili atambulike. Hamisheni matokeo kwenye faili jipya la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa sababu kitabu cha Eksel hubeba safu zilizofichwa na nakala za data ya zamani ndani ya majedwali ya muhtasari.

Mkataba uorodheshe safu zinazotumwa, jina kwa jina, na kusudi lake. Ukataze kujaribu kumtambua mshiriki na kumpa mtu wa tatu, na uweke tarehe ya kufuta. Kenya inaipa taasisi inayosimamia data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data kukitokea uvujaji, hivyo wadaini Wajerumani taarifa ndani ya saa 24. Faili lisimbwe kwa AES-256, njia imara ya usimbaji, na neno la siri lipitie njia nyingine, kamwe si barua pepe ile ile. Kumpa mtu aliye Ujerumani akaunti ya kuingia kwenye seva yenu nako kuhesabuni kuwa ni kuhamisha data, hata asipopakua chochote.

Wenzenu wataleta vifungu sanifu vya mkataba vya Umoja wa Ulaya vya Juni 2021. Vinasimamia data inayotoka Ulaya, kwa mfano wanapowarudishia faili lililosafishwa. Havifuti masharti ya Nairobi wala Dodoma.

Tathmini ya athari za uchakataji kwa wahusika wa data, pale inapohitajika Kenya, huwasilishwa siku 60 kabla ya uchakataji kuanza. Kwa hiyo kama ratiba ya mfadhili inabana, pendekezeni uchambuzi uje kwenu: wao waandike programu kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, nyinyi muiendeshe Kwale na Tanga kila mahali kwa data yake, mkague matokeo, mtume koefisienti (namba za matokeo ya uchambuzi) na majedwali yasiyo na kisanduku chenye watu chini ya watano. DataSHIELD, programu ya kuchambua data bila kuihamisha, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa utafiti wa shinikizo la damu wenye vituo viwili, hiyo ndiyo njia ambayo ningeichagua hata muda ungekuwepo.