Meseji za LinkedIn zimejaa, nianzie wapi?

Mkuu, umesema meseji zimerundikana LinkedIn mpaka ya mwajiri ikakupita. Usifute moja moja, utachoka bure. Chuja kwanza zisizosomwa, kisha pitia InMail, yaani meseji za kulipia kutoka kwa watu ambao hujaunganishwa nao. Nyingi ni matangazo, ila soma majina, maana watu wa ajira wa kampuni za Posta na Masaki, Dar, nao hupitia huko huko. Ya maana iwekee nyota. Iliyokwisha ihifadhi kwenye kumbukumbu (Archive). Haipotei, na mwenyewe akikuandikia tena inarudi.

Wale wa "Habari mpendwa, nina fursa ya kukuza mtaji wako" usiwajibu hata asante. Ripoti, songa mbele. Gumzo za kundi za kupongezana, zima arifa zake.

Kisha ingia kwenye mipangilio, faragha ya data, sehemu ya ujumbe, uzime matangazo ya kulipiwa. InMail usiizime kama bado unatafuta kazi!

Mimi za kujibu kwa mstari mmoja nazimaliza kwenye mwendokasi toka Kimara, nikipata siti lakini. Zinazodai CV zinasubiri kompyuta, kwa simu utaambatanisha ile ya mwaka juzi.