Kuku 163 Nilizika Ruai, na Nilikuwa Nimewachanja

Juma lililopita msomaji mmoja wa Githurai aliniandikia: "Dada, nikianza na vifaranga 200, nitapata faida ngapi?" Moyo ulinidunda. Swali hilo hilo ndilo nililouliza nilipoanza kufuga Ruai. Sisi sote hapa Nairobi tunataka kuku atulipie karo.

Nilinunua vifaranga 200 wa kienyeji walioboreshwa. Miezi mitatu wakanenepa. Kisha nikaona kinyesi cha kijani, mabawa yananing'inia, shingo zimepinda kama nguo inayokamuliwa. Kideri. Ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba. Kwa siku sita nilizika kuku 163. Kijana aliyenisaidia kuchimba shimo alikuwa analia, mimi napiga hesabu ya hasara. Hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa zenyewe.

Na nilikuwa nimewachanja! Lakini chanjo niliibeba mkobani, ndani ya matatu, jua la saa nane, nikaichanganya na maji ya mfereji. Chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na klorini ya mfereji huiua. Aliyeniuzia hakunitamkia neno. Kuku wangu walikunywa maji matupu.

Siku hizi naibeba na barafu. Natumia maji ya mvua, na nikikosa, natia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye maji ya mfereji ili yavunje nguvu ya klorini, ndipo naweka chanjo. Asubuhi nawanyima maji kwanza, wapate kiu wayamalize upesi.

Lakini hata chanjo si yote, ndugu zangu. Siku mbili kabla ya vifo, tembe mmoja mwekundu alijitenga pembeni, hakuja kula. Nilimwona. Nilikuwa na simu sikioni, nikapita. Nyanya yangu kule Kitui aliketi karibu na kuku wake kila jioni wakipanda kulala, akajua nani hayupo bila kuhesabu. Zima simu, uketi nao robo saa. Kama huna robo saa, usifuge, utamtesa kiumbe bure.

Wewe wa Githurai, kabla hujanunua hata kifaranga mmoja, njoo Ruai saa kumi na mbili jioni uketi nami bandani. Viatu vyako utaviacha langoni, nitakupa vyangu. Kideri huja na nyayo.