Jibu: Betri ya lipo imefura kabatini, nifanyeje?

Waalaykum salaam shekhe. Nimekufahamu hivi: hujarusha droni tangu masika yaanze, betri zako za lipo (lithiamu polima) za seli 3 uliziacha zimejaa chaji juu ya kabati, chini ya bati, na sasa moja imefura kama andazi.

Hiyo iliyofura usiichaji tena, hata ikionesha volti nzuri. Usiitoboe wala kuibonyeza. Itoe nje leo hii, iweke juu ya saruji tupu, mbali na makuti. Mimi huifungia taa ndogo ya gari ya volti 12, umeme ukaisha taratibu hapo hapo nje nami nikiwa karibu.

Zilizobaki, kwanza pima kila seli kwenye kile kiplagi cheupe cha balansi. Ikisoma volti 4.2 imejaa, na hapo ndipo penye tatizo lako: lipo haitaki kukaa imejaa, seuze kwenye joto la bati. Zishushe hadi 3.8 hivi kila seli, yaani kama 11.4 kwa betri nzima. Chaja yako hukuitaja, lakini nyingi za balansi (zinazosawazisha seli) zina mpango wa kuhifadhi, utafute. Seli iliyoshuka chini ya volti 3 silazimishi kuichaji.

Kisha ziteremshe sakafuni, chumba chenye ubaridi, kwenye boksi la chuma ambalo mfuniko haukubana. Moshi ukikosa pa kutokea, boksi lenyewe ni hatari. Plagi zizibe kwa utepe zisigusane. Na plagi hizo zikague, maana hewa ya pwani huzitia ukijani upesi.

Wakati wa kuchaji usilale, usitoke. Umeme ukikatika, chomoa.