Barua kwa mwanangu: gari lako, na Jumanne ya baba yako mdogo

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: "Mama, nikijaza ombi la ufilisi mahakamani, gari litapona?" Kupona linaweza. Ulichopaswa kuuliza ni ujaze lini. Tarehe kwanza, mengine baadaye. Hilo umelisikia kwangu tangu unavaa sare za shule.

Hapa Texas anayekudai gari hahitaji hata hakimu. Ukishachelewesha malipo, anaweza kutuma brekidauni usiku wa manane, mradi asizue fujo. Ukijaza kabla hajaja, zuio la mahakama linashika pale pale faili linapopokelewa, na hana ruhusa tena ya kuligusa. Akishalibeba, hadithi inabadilika. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jiji la Chicago na Fulton, ilisema kulikalia tu gari lililochukuliwa kabla ya kujaza si kuvunja zuio. Hapo huenda ukalazimika kulidai mahakamani, na siku zinakwenda huku gari liko yadi ya watu.

Sheria ya ufilisi ina njia mbili kwa mtu kama wewe, zinaitwa kwa namba za sura zake. Sura ya 7 inafuta madeni ya kadi za mkopo na ya hospitali, lakini kwa gari inakupa wiki chache za kupumua tu. Miezi uliyoruka haikupangii. Sura ya 13 ndiyo inayoyatandaza malimbikizo kwenye mpango wa miaka 3 hadi 5. Na mkopo wako umepita siku 910, nimehesabu kwa kalenda ya jikoni. Mkopo wa kununulia gari ukifika umri huo, mpango unaweza kulipa thamani ya gari pamoja na riba, basi. Unadaiwa dola 17,400, gari lina thamani ya 11,000 hivi. Zile 6,400 zinaingia kapu moja na kadi zako. Nyumba unayoishi haipati upendeleo huo. Malimbikizo yake unalipa yote, na mkopo unaendelea vile vile.

Nikitaja nyumba, moyo unarudi kwa baba yako mdogo. Pilau ya Jumatatu ile unaikumbuka? Nyumba ilikuwa ipigwe mnada kesho yake, maana Texas mnada ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Alijaza saa tisa alasiri, kurasa chache za mwanzo tu, na mnada ukasimama. Akaibandika karatasi ya mahakama kwenye friji kwa sumaku ya nanasi, tukala, tukacheka. Kumbe alidhani malipo yanaanza hakimu akishaupitisha mpango! Mpango unatakiwa ndani ya siku 14, na malipo ya kwanza kwa msimamizi, yule anayepokea fedha za mpango na kuwagawia wanaodai, ndani ya siku 30 tangu kujaza, hakimu awe ameupitisha au la. Kesi ikatupwa. Akajaza tena, lakini aliyetupiwa kesi ndani ya mwaka mmoja hupata zuio la siku 30 tu, mpaka aombe liongezwe na asikilizwe kabla hazijaisha. Ombi lake lilichelewa. Nyumba ikaenda. Sumaku ninayo mimi.

Pengine namwonea. Alikuwa na zamu mbili, na wakili wake simu hapokei. Lakini karatasi ilikuwa mbele ya macho yake kila akifungua friji, na tarehe imeandikwa. Tarehe kwanza!

Kabla ya kujaza utahitaji cheti cha ushauri wa madeni kutoka shirika lililoidhinishwa, kisichozidi siku 180. Bila hicho kesi hutupwa. Ada ya Sura ya 13 ni dola 313, na unaweza kuomba uilipe kwa mafungu. Bima ya gari isikatike hata siku moja, maana ikikatika anayekudai atakimbilia kwa hakimu zuio liondolewe.

Unataka niseme jaza au usijaze. Mimi si wakili, nawapangia mafaili tu, na hilo si langu kulisema. Ila ulimi unaniwasha. Kama umeruka miezi miwili tu, ningeanza kwa kuwaomba wanaokudai gari waisogeze mwisho wa mkataba, na jibu walete kwa maandishi... Haya, nusu imeshanitoka. Nanyamaza.

Nipigie picha ile barua waliyokuletea, pande zote mbili. Tarehe huwa wanaiandika nyuma.

Mama yako