Ukipunguzwa kazi ya urubani, tarehe hazitakusubiri

Kila msimu wa wageni unapoyumba, vijana wa kazi yetu huanza kunitumia ujumbe. "Shikamoo kaka, wameanza kuita watu ofisini mmoja mmoja. Nifanyeje?" Nimekuwa nikiwajibu kwa simu, wakati mwingine usiku, na majibu ya simu husahaulika. Kwa hiyo leo naandika, nikiwa nyumbani Tanga, yale ninayoamini kila rubani, mhudumu wa ndege na fundi ndege anapaswa kuyajua kabla barua ya kupunguzwa haijamfikia.

Mimi nilipunguzwa mwaka 2020, nikiwa rubani msaidizi kwenye Caravan, ndege ndogo za injini moja. Mnakumbuka hali ilivyokuwa wakati wa janga la Korona. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili, ikaziruhusu tena tarehe 18 Mei. Anga lilifunguka, wageni hawakurudi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Kampuni inayoishi kwa kupeleka watalii Serengeti na Zanzibar haiwezi kujiendesha kwa abiria wa Tanga na Pemba peke yao. Kodi ya kukodisha ndege inalipwa kwa dola, iruke isiruke. Bima inalipwa, na yako matengenezo yanayofuata kalenda hata kama ndege imelala uwanjani. Kinachokatika haraka ni mshahara. Na kwa kuwa Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, ndicho huachwa wazi kwanza.

Nayaeleza haya ili ujue kwamba hukuondolewa kwa sababu hujui kazi. Mwaka huohuo British Airways ilitangaza mpango wa kupunguza hadi wafanyakazi 12,000, na Qantas 6,000. Watu waliozeekea kwenye kazi hii walirudishwa nyumbani.

Lakini kujua hivyo hakuondoi aibu, na aibu ndiyo ninayoiogopa kuliko barua yenyewe. Kwetu rubani huwa ni mtoto wa ukoo mzima. Ada ya chuo cha urubani hailipwi na baba peke yake: shangazi ametoa, mjomba ameuza kiwanja, msikitini wameomba dua. Siku unarudi Ngamiani na begi lako, unahisi umewaangusha wote hao. Unazima simu. Kijiwe cha kahawa unakipitia mbali. Wiki zinakwenda, na katika wiki hizo hizo haki zako zinaisha muda na leseni yako inakufa kidogo kidogo. Hilo ndilo nataka ulishike: huzuni ichukue muda wake, lakini karatasi zina tarehe, na tarehe hazitakusubiri upone.

Tuanze na tarehe iliyo fupi kuliko zote. Ukiona kuachishwa kwako hakukuwa halali, una siku 30 za kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA. Ukichelewa itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi, na "nilikuwa na mawazo" ni sababu dhaifu mbele ya tume. CMA ina ofisi Tanga pia, lakini mgogoro hufunguliwa mahali ulipotokea. Kama kituo chako cha kazi kilikuwa Dar es Salaam, usipande basi la kuja huku kabla hujamaliza jambo hilo.

Utajuaje kama ni halali? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, haimzuii mwajiri kupunguza watu. Inamtaka afuate utaratibu: atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aweke wazi sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hakuna chama. Mashauriano hayo yahusu nini? Yahusu njia za kuepuka upunguzaji au kuupunguza makali, namna ya kuchagua wa kuondoka, lini, na malipo yatakuwa kiasi gani. Kwa hiyo ukiitwa Jumatatu ukakuta barua tayari imesainiwa na jina lako limo, mashauriano hayakuwapo. Ukiitwa kwenye kikao, nenda na daftari. Andika tarehe, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Uliza: je, tukikubali nusu mshahara kwa miezi kadhaa, watu wangapi wanabaki? Je, likizo bila malipo? Niliona mahali ambapo swali hilo tu, lilipoulizwa kwa adabu na mzee mmoja wa kitengo cha ufundi, lilirudisha majina ya watu kwenye orodha ya wanaobaki.

Kuhusu fedha, wengi wa kazi yetu hupigwa na butwaa. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Zingatia neno la msingi. Rubani anaishi kwa posho ya saa za kuruka, na posho hiyo haimo kwenye hesabu. Aliyefanya kazi miaka minne atapata mshahara wa msingi wa siku 28, basi. Juu yake kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au fedha badala yake, pamoja na likizo ulizolimbikiza. Kama ulichukuliwa kutoka mji mwingine, kuna gharama za kukurudisha wewe na mizigo yako. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Idai. Na dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndipo nilipoona wenzangu wakiumia zaidi. Kuna afisa atakayekuita pembeni na kukuambia kwa upole: "Mdogo wangu, andika tu barua ya kuacha kazi, itakulindia jina." Usiandike. Aliyeacha kazi mwenyewe hakupunguzwa. Hana kiinua mgongo cha namna hii, na milango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) inamfungia pia. Fao la kukosa ajira limewekwa kwa aliyeondolewa, si kwa aliyejiondoa. Ukiwa umechangia angalau miezi 18, fao hilo hukupa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mtu aliye nyumbani, hiyo ni kodi ya nyumba na unga. Tena jina kwenye usafiri wa anga halichafuki kwa kupunguzwa, kila mwajiri anajua mwaka 2020 ulikuwaje.

Kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi, nenda kwa rubani mkuu na kitabu chako cha saa za kuruka. Aweke saini na muhuri hadi saa ya mwisho. Omba nakala za fomu zako za mitihani ya ndege, vyeti vya mafunzo, na barua yenye jumla ya saa zako kwa aina ya ndege. Kampuni ikifunga ofisi, makabati huhamia kusikojulikana, na mwajiri wa kesho hatachukua neno lako. Ami yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Ngomeni. Alikuwepo zao lile lilipoanguka, baada ya nyuzi za viwandani kuua bei. Nchi iliyozalisha kiasi cha tani 230,000 mwaka 1964 ikabaki na mapori ya mkonge uliotelekezwa, na Tanga nzima ikajua maana ya kupunguzwa. Nilipomwendea na habari zangu hakunipa pole. Aliniuliza: "Vyeti vyako viko wapi?" Waliokuwa na vyeti vyao mkononi, alisema, walichukuliwa bandarini na kwenye karakana za reli. Wenzao, mafundi hodari vilevile, walikuwa na ujuzi wasioweza kuuthibitisha.

Leseni yenyewe nataka niizungumzie kwa utulivu, kwa sababu hapo ndipo mtu hujiponza bila kujua. Medikali, yaani cheti cha afya cha rubani, ya daraja la kwanza hudumu miezi 12. Ukivuka miaka 40 na unabeba abiria peke yako, ni miezi sita. Kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea vipimo vya ndege pale usipoona nje, kinahuishwa kwa mtihani kila mwaka. Ili ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90. Kiingereza cha marubani cha daraja la nne hupimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Chukua karatasi moja, andika tarehe zote hizi, ibandike ukutani unapolala.

Kisha panga fedha kwa kufuata karatasi hiyo. Kama huwezi kulipia vyote, hifadhi medikali kwanza, halafu kibali cha vyombo. Siku 90 za kupaa na kutua ziache zipite, hizo hurudishwa kwa safari fupi na mwalimu. Kibali cha vyombo kikilala muda mrefu, kukifufua kuna mafunzo na gharama ambazo mtu asiye na mshahara hazimudu. Nami nasema waziwazi: ukilazimika kuchagua kati ya kuuza gari na kuacha medikali ife, uza gari. Uza mapema, kabla wenzako wote hawajafika kwa dalali huyohuyo.

Na mwili ulindwe. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri anaanza kulala hadi saa nne, anakula ovyo, hatembei, usiku macho makavu. Kisha anapanda kiti cha daktari wa medikali na presha iko juu. Nimeona mwenzangu, rubani mzuri sana, akizuiwa na presha wakati kazi zimeanza kurudi. Tanga inakusaidia ukitaka: baiskeli ni usafiri wa heshima hapa, na barabara ya Raskazone asubuhi ni tulivu. Na kama moyo ni mzito kiasi cha kutolala kabisa, mwone daktari. Marubani tunaogopa kusema tuna huzuni kwa hofu ya leseni. Huzuni iliyofichwa ni ya hatari kuliko iliyotibiwa, kwako na kwa watakaokaa nyuma yako kwenye ndege.

Mengine ya nyumbani nayapita haraka. Kama familia ni ya kuhama, ihamishe mwezi wa kwanza baada ya barua, usingoje akiba iishe. Waambie wakubwa wa ukoo ukweli mwenyewe, wasisikie barabarani. Kama una mkopo wa mshahara, nenda benki na barua ya kupunguzwa, uliza kama bima ya mkopo inagusa kupoteza ajira na kama marejesho yanaweza kupangwa upya. Kiinua mgongo usikimwage kwenye biashara usiyoijua. Machungwa ya Muheza yanaonekana rahisi mpaka upakie lori.

Jihadhari na mawakala. Kipindi cha ukata wanaota kila mahali: kazi ya Ghuba, mshahara wa dola, lipia kwanza ada ya usaili. Shirika halisi halikuombi fedha kwa simu ili likusaili. Na kuna mikataba inayokutaka ulipie mwenyewe mafunzo ya aina ya ndege, kisha ufungwe miaka kadhaa. Mingine ni halali kabisa, lakini soma kifungu kinachosema itakuwaje wakikupunguza kabla ya muda. Kama kimya, omba kiandikwe.

Wageni walirudi. Mwaka 2022 walifika 1,454,920, na 2023 wakapita idadi ya kabla ya janga, 1,808,205. Nilipopigiwa simu ilikuwa kampuni nyingine, na aliyepiga hakuuliza nilikuwa nafanya nini miezi yote ile. Aliuliza medikali inaisha lini, kibali cha vyombo kinaisha lini, na kama ninaweza kufika Dar es Salaam Alhamisi.