Tasnifu Yako Imefika Kibaigwa?

Wiki iliyopita kijana wa shahada ya uzamili ameniandikia: "Dokta, nimemaliza tasnifu ya sumukuvu kwenye mahindi. Jarida gani linakubali makala haraka?" Nikamuuliza: wale wakulima waliokujazia dodoso, umewapelekea majibu? Kimya. Basi na nyie wengine mnaokimbizana na digrii, sogeeni, maana najua mnataka kama nilivyotaka mimi: jina, cheo, na utafiti wenye maana kwa watu.

Mada hiyo ndiyo iliyonikuza. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Katikati hapo watafiti hatukulala, tuliandika: kwamba sumu hii inaharibu ini, kwamba haiondoki hata ugali ukiiva vipi, kwamba ukungu wake unapenda mahindi yaliyoingizwa ghalani mabichi. Tuliandika kwa Kiingereza, tukasomana wenyewe kwa wenyewe.

Nilipomaliza tasnifu yangu nilitengeneza karatasi moja ya Kiswahili, nikaongozana na bwana shamba vijijini. Karatasi ilieleza jambo moja tu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka: yarudishe juani, tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Bibi mmoja aliishika ile chupa akaigeuzageuza, akasema, "Kumbe ni hivi tu? Sasa mlikuwa mnaficha nini huko chuoni?"

Sikuwa na jibu. Ila niliona fahari, sitaficha.

Kisha nikaomba kupandishwa cheo. Niliiweka karatasi ile kwenye jalada pamoja na makala zangu. Kamati ikahesabu makala, karatasi ikapata sifuri. Mjumbe mmoja akaishika kwa vidole viwili akauliza kama nagombea udiwani. Watu wakacheka. Miaka imepita na bado nakisikia kile kicheko, hasa mwezi uliopita mfanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, Dodoma, aliponitumia picha: karatasi yangu imebandikwa kwenye mlango wa ghala lake, imechakaa, pembeni chupa ya chumvi. Jarida gani litanipa hiyo?

Msiniambie vyuo vyetu haviwezi. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kimewalea panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu na magonjwa, tangu mwaka 2000. Watafiti wangeweza kuishia kuandika makala kuhusu pua ya panya. Badala yake panya hao walisaidia kusafisha mabomu ya ardhini Msumbiji, nchi iliyotangazwa huru dhidi ya mabomu hayo mwaka 2015, na leo wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu ambacho vipimo vya zahanati vimekikosa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya ana medali, mimi nina sifuri!

Kwa hiyo, wakuu wa vyuo, wekeni alama kwa kazi iliyofika kwa mwananchi. Mkizihesabu, walimu watakwenda vijijini hata bila kusukumwa. Na wewe mwanafunzi usiwasubiri. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Mtafute bwana shamba, yeye ndiye anayeaminika kule, si wewe na koti lako. Nauli ya kurudi kwa wakulima iweke kwenye bajeti ya andiko la utafiti tangu mwanzo, maana hela ikishaisha hakuna anayerudi. Halafu angalia kalenda yao: Kongwa mahindi yanavunwa kuanzia Mei, kwa hiyo karatasi iwe imefika Aprili. Ukitokea Septemba utawakuta wameshajaza maghala, na utakachowapa ni hofu.